Asiyeamini anapomsoma Yesu

Katika usharika wetu, kando ya mji wa Moshi, mnada wa sadaka za mazao hufanyika uwanjani mara ibada inapokwisha, chini ya mparachichi, na anayenadi ni mzee wa kanisa mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Jumapili moja ya mwezi wa tatu mjane mmoja alileta mkungu wa ndizi mshare. Ulianzia Sh5,000, ukapanda polepole kwa vijana waliokuwa wakitaniana, kisha ukaruka hadi Sh22,000 kwa sauti moja iliyotoka nyuma, upande wa barabarani, ambako jirani yangu, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa ameketi juu ya ukuta mfupi na gazeti lake tangu kengele ya kwanza. Alilipa, akautazama ule mkungu, akasema unadiwe tena. Mara ya pili ulikwenda kwa Sh18,000. Mchungaji alimshukuru hadharani, akamwita "ndugu yetu ambaye bado hajaamua," na watu wakapiga makofi.

Jirani yangu aliamua zamani. Kwa zaidi ya miaka thelathini hajaketi ibadani. Msibani huja mapema. Alipokuwa na nguvu alichimba kaburi pamoja na wenzake, na siku hizi hukabidhiwa daftari la rambirambi kwa sababu kila mtu anajua hesabu yake haitapungua hata mia. Wakati wa sala husimama nje ya turubai, kofia mkononi. Haamini kwamba Mungu yupo. Yesu, hata hivyo, anamsoma, tena anamsoma kwa kalamu, akiandika pembeni mwa kurasa kama anayesahihisha madaftari ya wanafunzi, na mabishano yetu ya jioni kuhusu kurasa hizo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Kiswahili hakijamtengea mtu wa namna hii neno la heshima. Mpagani ni neno lililokuja na wamisionari, na mwanzoni lilikuwa la babu zetu wote. Kafiri lina makali yake. Mkanamungu ni neno la vitabuni, na masikioni linamfananisha mtu na aliyekana deni. "Hana dini" husemwa huku kwetu juu ya mwanamume anayempiga mkewe au mfanyabiashara anayechezea mizani, ingawa wote wawili huenda walishika viti vya mbele Jumapili iliyopita. Lugha imekwisha kutoa hukumu kabla shauri halijasikilizwa, na ndiyo maana watu wengi hushangaa wanapoambiwa kuwa wako wasioamini waliotumia miaka mingi kuyapima maadili ya Yesu, wengine wakiyasifu, wengine wakiyakataa kwa sababu zinazostahili kujibiwa. Siwazungumzii Waislamu, ambao Isa mwana wa Mariamu ni nabii kwao na wanayo hoja yao tofauti kabisa. Nawazungumzia wale wanaoifungua Injili bila kutegemea thawabu wala kuogopa adhabu, wakiuliza swali ambalo sisi tuliopata kipaimara hatuna haraka ya kujiuliza: amri hizi zinasimama zenyewe, bila mbingu ya kuzilipia?

Wa kwanza kukumbukwa katika shughuli hii ni Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani. Hakuwa mkanamungu kamili, kwa kuwa aliamini yuko Muumba, lakini hakuukubali Utatu, miujiza wala ufufuo, na katika kampeni za mwaka 1800 wapinzani wake walimchafua kwa jina la kafiri. Mwaka 1820, akiwa amevuka miaka 75, alikamilisha kazi aliyoifanya kwa wembe na gundi. Alichukua nakala za Agano Jipya katika Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza, akakata mistari aliyoiona kuwa ni mafundisho halisi ya Yesu, akaibandika upande kwa upande. Miujiza akaiacha ilipo, kwenye kurasa zilizobaki na matundu. Kitabu chake kinaishia kaburini: jiwe kubwa linavingirishwa mlangoni na watu wanaondoka. Katika barua kwa rafiki yake aliyafananisha maneno hayo na almasi ndani ya lundo la samadi, mfano ambao Mchaga anayejua kazi ya samadi katika kihamba, shamba la ukoo la migomba, asingeuchagua. Hakukichapisha. Alifariki mwaka 1826, na ilikuwa mwaka 1904 ndipo Bunge la Marekani lilipochapa nakala 9,000 kwa ajili ya wabunge wake.

Wengi humtaja Jefferson kama mfano wa ustaarabu: hata asiyeamini alimheshimu Yesu. Mimi naiona kazi yake kwa namna nyingine. Mtu anayekata kwa wembe kile anachokikubali na kukibandika upya hujikuta ana Yesu anayefanana naye, mtulivu, mwenye akili ya msomi wa karne ya kumi na nane, asiyemsumbua mwenye shamba. Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Wembe uliweza kupita kwenye Ndoa ya Kana na kwenye asubuhi ya Pasaka, lakini sentensi ile ya Mathayo, "yo yote myatakayo mtendewe na watu, nanyi watendeeni vivyo hivyo," haikumfikia mtu aliyekuwa akilima nje ya dirisha lake. Sifa za asiyeamini wa aina hii ni za bei rahisi. Jirani yangu hapendi kusifiwa pamoja naye.

Bertrand Russell alikuwa mkweli zaidi. Tarehe 6 Machi 1927 mwanafalsafa huyo Mwingereza alisimama katika ukumbi wa manispaa ya Battersea, London, kueleza kwa nini yeye si Mkristo, na alipofika kwenye maadili alianza kwa kukubali. Alisema anakubaliana na Yesu katika mambo mengi zaidi kuliko Wakristo wenyewe wanavyokubaliana naye, kisha akataja: kugeuza shavu la pili, kutohukumu, kumpa akuombaye. Stanley Baldwin alikuwa waziri mkuu wakati huo, na Russell akasema hana shaka kwamba ni Mkristo wa kweli, lakini hamshauri mtu yeyote akampige kofi shavuni ili kuona. Watu hukumbuka mzaha huo na kusahau kilichofuata, maana baada ya hapo Russell alifanya jambo ambalo Jefferson hakulithubutu: alisema wazi kwamba mafundisho mengine ya Yesu ni mabaya. Aliutaja mtini uliolaaniwa kwa kukosa matunda wakati si msimu wa tini, na nguruwe walioporomoka baharini. Zaidi ya yote aliitaja jehanamu, kilio na kusaga meno, akasema mtu mwenye utu wa kina hawezi kuamini adhabu isiyo na mwisho, na kwamba kwa hekima na wema yeye anawaweka Socrates na Buddha juu ya Yesu.

Hoja ya mtini sioni kama ina uzito; ni kisa cha kufundishia, na manabii walikuwa na desturi ya vitendo vya mfano. Hoja ya jehanamu ina uzito, na sijawahi kusikia mahubiri yaliyoijibu bila kuizunguka. Kwa asiyeamini, moto wa milele unaharibu amri zenyewe, kwa sababu ukiambiwa umpende jirani yako la sivyo utaungua, mtu hawezi tena kujua kama unampenda jirani au unaokoa ngozi yako. Jirani yangu ameandika kwa penseli, kando ya sura ya 25 ya Mathayo, neno moja: "Inajipinga." Nilimuuliza maana yake. Akanionyesha kwamba katika habari hiyohiyo ya kondoo na mbuzi, inayomalizikia kwenye moto wa milele, wale waliolisha wenye njaa na kuwatembelea wafungwa hawakujua walikuwa wanajiwekea akiba. Wanashangaa: "Bwana, ni lini tulipokuona una njaa, tukakulisha?" Walitenda bila kufikiria malipo, yaani walitenda kama anavyotenda yeye asiyeamini, na hilo ndilo lililowapa nafasi upande wa kuume. Sina jibu la haraka kwa hilo. Nadhani ni usomaji mzuri kuliko mingi niliyoisikia kwenye mimbari.

Kuna wale ambao hawasifu chochote. Friedrich Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani na mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, alizaliwa mwaka 1844 Röcken, kijiji kisicho mbali na Leipzig, akasoma chuo kikuu mjini Leipzig, mji uleule ambao misheni yake ilituma wamisionari Kilimanjaro mwaka 1893. Yeye aliona maadili ya kusamehe na kuwapenda adui kuwa ni kisasi cha wanyonge: asiyeweza kurudisha kofi anakugeuza kutorudisha kuwa wema, kisha anamtaka mwenye nguvu aone haya kwa nguvu zake. Juu ya Yesu mwenyewe alikuwa na maneno laini zaidi kidogo. Katika maandiko yake ya mwaka 1888 alisema Mkristo alikuwa mmoja tu, na huyo alifia msalabani.

Tukimsoma Nietzsche tukiwa chini ya mlima huu, hoja yake inageuka upande wa pili, kwa sababu historia yetu inaonyesha mwenye nguvu akilitumia shavu la pili kwa faida yake. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru. Jeshi la Wajerumani lilijibu kwa kampeni ya adhabu, na Wachaga walikuwamo kati ya waliokwenda kuadhibu. Watu wengi waliuawa na mifugo ikatekwa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa mtini hukohuko pamoja na viongozi wengine, na hadi leo ukoo wake unalitafuta fuvu lake, linaloaminika kuwa lilipelekwa Ujerumani. Ni kweli kwamba mmisionari na ofisa wa jeshi hawakuwa mtu mmoja. Lakini mwanakijiji aliyesimama kando ya mti ule aliona watu wenye lugha moja na bendera moja, wengine wakimfundisha "wapendeni adui zenu" na wengine wakimwonyesha adui hufanywa nini, na hakuna anayepaswa kumlaumu kwa kushindwa kuwatofautisha.

Nilitazamia jirani yangu alitumie jambo hili kama rungu. Hakulitumia. Alisema fundisho lilifika hapa likiwa safi kuliko waliolibeba, na kwamba anachokilalamikia ni kuwa lilihubiriwa kwa aliyepigwa kofi badala ya kuhubiriwa kwa aliyepiga. Hapo nadhani yuko sahihi, na lawama hiyo haikuishia mwaka 1900. Bado tunamwambia mwanamke aliyevimba uso avumilie na asamehe, tukitumia mstari huohuo, wakati mumewe hatumtembelei hata mara moja na Biblia.

Wakristo wenye kusoma wanayo hoja wanayoipenda dhidi ya watu kama jirani yangu, na mijini huisikia katika mafundisho ya vijana. Ilienezwa na mwandishi C. S. Lewis katika vipindi vya redio vya BBC wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Inasema kwamba haiwezekani kumkubali Yesu kama mwalimu mkuu wa maadili na kumkataa kama Mungu, kwa sababu mtu anayejiita Mwana wa Mungu ama ni mwendawazimu, ama ni mwongo, ama ndiye kweli. Mlango wa nne haupo. Nilimpelekea jirani yangu hoja hiyo nikiwa na furaha kidogo. Alifikiri kwa muda, akasema Pythagoras, yule Mgiriki wa kanuni ya pembetatu, anasimuliwa kuwa aliwakataza wafuasi wake kula maharage, lakini hakuna fundi wa Moshi aliyeacha kupima pembe ya msingi kwa kamba ya tatu, nne, tano kwa sababu hiyo. Kauli inapimwa yenyewe.

Jibu hilo lilinichekesha, kisha likanikosesha usingizi, kwa kuwa nina hakika halitoshi, lakini ilinichukua siku kadhaa kusema kwa nini. Pembetatu haidai kitu kwangu. Ninaweza kuikagua kwa kamba na vigingi, na haijali kama nina hasira au njaa. Amri ya kumpenda adui haikaguliwi hivyo, na Yesu hakuitolea uthibitisho, alisema tu, "Lakini mimi nawaambia." Uzito wote umewekwa juu ya lile neno "mimi." Anayemkataa huyo "mimi" na bado anaitaka amri, inampasa atafute mahali pengine pa kuisimamishia, na ndipo utakapowakuta wasioamini wenyewe hawakubaliani: wako wanaosema jamii yenye kusamehe hudumu kuliko yenye visasi, na wako wanaosema huruma ni jambo la kuzaliwa nalo, kama njaa. Majibu yote mawili yanafaa kwa mambo ya kawaida. Sioni kama yanafika kwa adui.

Lawama nyingine ya wasioamini ni kwamba hakuna jipya. Kanuni ya kumtendea mwenzako unavyotaka utendewe ilikuwako kwa Confucius wa China karne tano kabla, na amri ya kumpenda jirani imo katika kitabu cha Walawi. Hata waliotunga methali yetu ya mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, hawakungoja misheni. Hili ni kweli na halinisumbui, maana mafundisho ya maadili hayatafutiwi hataza, ile hati ya kumiliki uvumbuzi. Lakini kwa Uchagani lipo jambo la kutazama kwa karibu zaidi. Mstari wa masale, mimea ya majani marefu, ndio mpaka wa kihamba, na jani la sale ndilo lilikuwa la kuombea radhi: aliyekosa alilibeba hadi kwa aliyekosewa, akalitoa, na kulikataa kulionekana ni kujitafutia laana. Watu waliokuwa na desturi hiyo hawakuhitaji mgeni kuwafundisha kusamehe. Tofauti iko kwenye mwendo. Sale hubebwa na mkosaji. Asipokuja, hakuna anayekudai kitu, unaweza kukaa na uchungu wako mpaka kaburini na hakuna mzee atakayekulaumu. Yesu anamtaka aliyekosewa aanze yeye, adui akiwa bado ni adui, jani likiwa bado liko mtini. Hapo kuna jipya, na ni jipya linalouma.

Kuhusu riziki ya kesho sitachukua muda mrefu. "Waangalieni ndege wa angani," anasema, "hawapandi, wala hawavuni, wala hawakusanyi ghalani." Hakuna Mkristo wa Kilimanjaro anayeishi hivyo. Tunapanda kahawa inayosubiriwa miaka kadhaa, tunaweka hisa kwenye vikoba, na ikifika Januari tunasumbukia ada kuliko tunavyosumbukia roho. Asiyeamini husema fundisho hili ni baya kwa mtu mwenye watoto, na kwa matendo yetu tumekubaliana naye bila kumwambia.

Albert Schweitzer, mwanatheolojia kutoka Alsace, alitoa maelezo yake mwaka 1906: Yesu alifundisha hivyo kwa sababu alitazamia kuwa mwisho wa dunia uko karibu sana, na katika hilo alikosea. Ni kauli ambayo ingemtosha mtu mwingine kufunga kitabu. Schweitzer alisomea udaktari, na mwaka 1913 akaenda Lambaréné, Gabon, kujenga hospitali, akafia hukohuko mwaka 1965. Alikuwa mchungaji, kwa hiyo simweki katika kundi la wasioamini, lakini alikuwa ameipoteza ile mbingu iliyokuwa ikija haraka, na amri ilibaki imesimama mbele yake bila nguzo hiyo. Simtaji kama malaika. Aliandika kwamba Mwafrika ni ndugu yake, ila ndugu mdogo, na sentensi hiyo inaonyesha jinsi mtu anavyoweza kumpenda jirani nusu maisha yake na bado akamtazama kutoka juu.

Yako mafundisho ambayo asiyeamini wa Ulaya huyapita bila kuyaona, na ambayo huku kwetu ndiyo magumu kuliko yote. Mtu mmoja alimwomba Yesu ruhusa ya kwenda kwanza kumzika baba yake, akajibiwa: "Nifuate, waache wafu wazike wafu wao." Msomaji wa London huona ukali wa usemi na kuendelea. Msomaji wa Kibosho, Mwika au Rombo husimama hapo. Sisi ni watu ambao hukodi gari kutoka Dar es Salaam usiku kucha ili marehemu alale kwenye kihamba chake. Tunachangishana, tunakopa, na anayeikosa mazishi ya baba bila sababu hujulikana kwa hilo mpaka naye afe. Luka anaongeza kwamba mtu asipomchukia baba yake na mama yake, mkewe na wanawe, hawezi kuwa mwanafunzi. Nimehudhuria ibada nyingi za mazishi, na mistari hiyo sijaisikia ikisomwa. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini na kuandika kwa urefu juu ya sheria za Wachaga, alitaka kanisa lijengwe juu ya ukoo, ujirani na rika, na kwa kiasi kikubwa ndivyo lilivyojengwa. Limesimama vizuri. Ila limejengwa juu ya kitu ambacho mwanzilishi wake alikuwa tayari kukiacha nyuma njiani.

Jirani yangu anapofika hapa hupandisha sauti kidogo. Kwake yeye mstari huo ni kosa la kimaadili, basi, baba huzikwa. Nami, nikiulizwa bila mchungaji kuwapo, nitakubali kwamba simfuati Yesu katika hilo wala sina mpango wa kumfuata. Huo nao ni wembe. Wa Jefferson ulikata karatasi na mabaki yake yamehifadhiwa, kwa hiyo kila mtu anaweza kuona alichokitupa. Wetu hukata kimyakimya, kitabu kikabaki kizima juu ya meza.

Mstari wa tajiri, ngamia na tundu la sindano umekatwa kwa wembe huohuo. Mwaka 1967 mji jirani wa Arusha ulitoa jina lake kwa Azimio lililoandikwa kwa lugha ya siasa, bila aya hata moja ya Biblia, na ambalo hata hivyo liliwabana viongozi kuliko mahubiri yoyote ya Kwaresima: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku, lakini masharti hayo aliyaweka kwa wote, Waislamu, Wakristo na wasio na dini, kama jambo linaloweza kutetewa kwa akili ya kawaida. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliyalegeza. Waumini na wasioamini walishangilia pamoja.

Fundisho ambalo wasioamini karibu wote hulikubali ni la Msamaria Mwema, na kwa Moshi jina hilo lina mabati na vitanda: hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilijengwa na Shirika la Msamaria Mwema. Tumelizoea jina hadi limepoteza ladha. Msamaria, kwa Wayahudi waliokuwa wakisikiliza, alikuwa mtu wa dini iliyoharibika, asiyeabudu mahali sahihi. Kuhani alipita kando. Mlawi alipita kando. Aliyesimama, akafunga jeraha, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake na kumlipia nyumba ya wageni, ndiye ambaye imani yake ilikuwa na kasoro. Mwanasheria aliuliza, "Na jirani yangu ni nani?" akitaka apewe mpaka, na Yesu akamjibu kwa kumtajia mtu wa upande wa pili wa mpaka, kisha akamwambia, "Enenda zako, nawe ukafanye vivyo hivyo." Hakumwuliza mtu yeyote anaamini nini. Msomaji asiyeamini hulishika jambo hilo haraka, kwa sababu analijua kutoka nafasi ya Msamaria. Sisi tumekuwa tukilisoma kutoka nafasi ya yule aliyelala njiani, au, tukiwa wanyenyekevu sana, kutoka nafasi ya punda.

Mwezi uliopita nilimuuliza jirani yangu, kama angepewa wembe wa Jefferson na kuruhusiwa kubakiza mstari mmoja, angebakiza upi. Nilidhani atataja Msamaria. Alitaja wapendeni adui zenu, nikamwambia ameniangusha, maana ndio ule ambao hoja zake haziufikii. Akasema ndiyo sababu. Kisha akanionyesha kwa fimbo upande wa chini wa kihamba chake, ambako mstari wa masale umesogezwa hatua mbili na kaka yake, yule yule mzee wa kanisa anayenadi ndizi kila Jumapili, aliyeinua mkono kupokea zile Sh22,000 bila kumtazama usoni. Ni mwaka wa saba hawasemezani. "Akija na sale nitapokea siku hiyohiyo," alisema. "Kuanza mimi, hapana, hilo bado sijaliweza." Nami, ambaye huketi viti vya nyuma kidogo ya huyo kaka yake na hushiriki naye meza moja ya Bwana, nilikumbuka kwamba katika miaka hiyo yote saba sijawahi kumwuliza habari za ule mpaka.